Mchanga wa Lwera

Msafiri atokaye Kampala kwenda Masaka, akiisha kuvuka mstari wa Ikweta pale Kayabwe, huteremka katika bonde la Lwera, ambako tangu zama na zama mafunjo yalitanda hata ukingo wa Ziwa Viktoria, na ambako chini ya mizizi yake umelala mchanga uliojenga, pasipo kutajwa, ghorofa nyingi za mji mkuu.

Hapo awali mchanga huo ulichotwa kwa sepetu, lori moja baada ya jingine. Kisha zikaja mashine zieleazo, zikiufyonza pamoja na maji kwa bomba, mchanga ukirundikana pembeni kama vichuguu na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakirudi shimoni. Shimo lipitalo kina cha maji ya ardhini hugeuka ziwa dogo lisilo kivuli, nalo jua hulinywa mchana kutwa.

Ajabu, nami naiona ajabu kubwa, ni kuwa Katiba ya Uganda ya 1995, katika Ibara ya 244, iliutoa mchanga wa ujenzi katika hesabu ya madini. Hivyo aghalabu hatamu zilibaki kwa NEMA, mamlaka ya mazingira, na vibali vyake, mpaka sheria ya madini ya 2022 ilipouingiza mchanga katika kanuni zake.

Mei 2023 mto Katonga, upitao bondeni humo, ulifurika, daraja la barabara hiyo ya Masaka likaharibika, barabara ikafungwa. Waliowalaumu wachimbaji walikuwa wengi, ingawa mvua nayo haikuwa haba. Na magari ya Masaka yakazunguka kupitia Sembabule.