Kiinua Mgongo: Nani Analipwa, Nani Halipwi

Kwenye viwanda vya mbao vya Mafinga, nchini Tanzania, kazi ikiisha swali huwa moja: kiinua mgongo changu kiko wapi? Huliuliza aliyepunguzwa, aliyefukuzwa, aliyeacha mwenyewe, hata yule ambaye mkataba wake umefika mwisho. Sheria haiwahesabu wanne hawa kundi moja.

Istilahi yenyewe inachangia mkanganyiko. Kiinua mgongo ni cha kumnyanyua aliyeinama kazini miaka mingi, kwa hiyo kinasikika kama ahsante ya utumishi. Mbunge anayemaliza kipindi chake hupewa kiinua mgongo. Wastaafu nao huita hivyo fedha zao za mkupuo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, iliyotungwa kwa Kiingereza, ilikusudia kitu chembamba zaidi. Neno lake la Kiingereza, severance, linatokana na kukata: mwajiri kakata ajira, basi alipe. Aliyeacha kazi kwa hiari yake hapati, na mkataba wa muda maalumu ukiisha wenyewe haudai kitu. Ila mtu akilazimika kuacha kwa sababu mwajiri ameyafanya mazingira ya kazi yasivumilike, sheria huhesabu kwamba ameachishwa, hata kama barua ya kuacha ina saini yake.

Hesabu yake ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Aliyefanya kazi mfululizo angalau miezi 12 hulipwa ujira wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Tuseme mpasuaji wa magogo ana ujira wa msingi wa shilingi 10,000 kwa siku. Kwa miaka 6 anapata 420,000. Kwa miaka 10 anapata 700,000, na kwa miaka 18 bado ni 700,000 ile ile, isipokuwa mkataba wake unatoa zaidi. Ujira wa msingi nao hauhusishi posho, saa za ziada wala nyongeza ya zamu ya usiku, na viwandani kuna watu ambao hayo ndiyo yanayojaza bahasha. Kwa maoni yangu, ukomo huo wa miaka 10 ndio unaolikana jina lenyewe: mgongo uliozeeka zaidi hauongezewi hata siku moja.

Kwingineko ni zaidi. Nchini Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, anayepunguzwa hulipwa angalau ujira wa siku 15 kwa kila mwaka. Nchini Thailand, mfanyakazi wa miaka 6 akiachishwa bila kosa hulipwa mshahara wa siku 240. Mwenzake wa Mafinga ni siku 42.

Aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu hapati, lakini sheria imeongeza sharti: awe ameachishwa kwa haki. Mwajiri anayemtuhumu kibarua kuiba mbao na kumfukuza siku hiyo hiyo bila kumsikiliza hajakidhi sharti hilo. Aliyepunguzwa naye hulipwa, ila akikataa bila sababu ya maana kazi mbadala aliyopewa, amejinyima mwenyewe.

Kiinua mgongo pia si notisi, na si mafao ya NSSF. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, na asipopewa hulipwa fedha badala yake. Likizo ambazo hakuzitumia hulipwa, na aliyeajiriwa mbali hudai nauli ya kurudi alikochukuliwa. NSSF ni mfuko wa hifadhi ya jamii, unaochangiwa asilimia 20 ya mshahara. Mwajiri hawezi kusema amechangia huko na hivyo amemaliza.

Anayepinga kuachishwa hufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Akichelewa, huomba kwanza kuongezewa muda na kueleza sababu, na kusubiri ahadi za mdomo za bosi mara nyingi hakutoshi kuwa sababu.