Lenzi za kipimaumbali kwenye kamera za dijitali, na matumizi yake Eldoret

Kamera ya kipimaumbali ni ile ambayo mpigapicha hachungulii kupitia lenzi. Huchungulia kidirisha kilicho kando yake, akaona taswira mbili za kitu kimoja, kisha akazungusha lenzi mpaka taswira hizo zilaliane. Hapo fokasi imekaa. Leica ilikiunganisha kipima hicho na lenzi zake mwaka 1932. Mdomo wake wa skrubu, yaani mahali lenzi inapofungwa, wenye kipenyo cha milimita 39, uliigwa na wengi: kamera za FED kutoka Kharkiv, Zorki kutoka Krasnogorsk, Canon kule Japani. Mwaka 1954 Leica M3 ikaja na mdomo wa kubana, uitwao M, unaotumika hadi leo. Ndiyo sababu lenzi za aina hii zimejaa duniani. Nyingine bei yake inatosha kununua pikipiki. Nyingine, hasa zile za Kisovieti, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi anaweza kuzimudu.

Kinachoamua kama lenzi itafanya kazi ni nafasi iliyo nyuma yake. Lenzi ya skrubu hukaa milimita 28.8 kutoka kwenye filamu, ya M milimita 27.8. Kamera zenye kioo cha kupinduka zina kina kikubwa zaidi: Canon EF ni milimita 44, Nikon F ni 46.5. Ili lenzi ipate fokasi ya mbali, ingebidi izame ndani ya kamera, palepale kioo kinapopiga. Mpigapicha wa harusi mwenye kamera ya namna hiyo asipoteze fedha kwa adapta, maana ataishia kupiga pete na maua tu. Kamera zisizo na kioo hazina shida hiyo: Sony E ni milimita 18, Nikon Z 16, Canon RF 20, Fujifilm X 17.7. Pengo linalobaki hujazwa na adapta, kipande cha chuma kitupu kisicho na lenzi wala umeme ndani. Kwa kuwa hakuna umeme, kamera hudhani haijafungwa lenzi. Iruhusu kwenye menyu ipige bila lenzi, na uiandikie urefu wa fokasi ili kizuia mtikisiko kisikosee hesabu.

Epson R-D1 ya mwaka 2004 ilikuwa kamera ya kwanza ya dijitali yenye kipimaumbali, Leica M8 ikafuata mwaka 2006. Lakini iliyowapa watu wa kawaida nafasi ya kutumia lenzi hizi kwa upana wake wote ni Sony A7 ya mwaka 2013, yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35. Kwenye kihisi kidogo cha Fujifilm X, lenzi ya milimita 50 huona kama ya 75.

Matatizo huanzia kwenye lenzi pana. Nyingi za milimita 35 kushuka chini zina vioo vya nyuma vilivyokaribia sana filamu, kwa hiyo mwanga hufika pembeni ukiwa umelala. Filamu haikujali. Kihisi kinajali: pembe za picha hugeuka zambarau na kupoteza ukali. Kuna vihisi vipya ambavyo nyaya zake zimepelekwa nyuma ya tabaka linalopokea mwanga, kama cha Sony A7R II ya mwaka 2015. Hivyo vimepunguza rangi hiyo, ila ukali uliopotea haurudi, kwa sababu chanzo chake ni kioo kinene kinachofunika kihisi. Jupiter-12 ya milimita 35 ni mfano mbaya sana, tena kioo chake cha nyuma huchomoza kiasi cha kutisha. Pima kabla ya kufunga. Lenzi za milimita 50 hadi 55, kama Jupiter-8 na Industar-61, hazina matata. Anayeanza aanze hapo.

Sasa Eldoret. Mji uko karibu na ikweta, mita 2,100 hivi juu ya bahari, na jua lake la mchana halina huruma. Kwa ISO 100 na tundu la f/16, shata inayofaa ni kama 1/100. Fungua Jupiter-8 hadi f/2 na utahitaji 1/6400, kasi ambayo shata za kawaida za kamera nyingi, zinazoishia 1/4000, haziifikii. Shata ya kielektroniki inaifikia, lakini husoma kihisi mstari kwa mstari, na mwanariadha anayepita kwa kasi hutoka na miguu iliyopinda. Bora kichujio cha kupunguza mwanga. Jupiter-8, Jupiter-12 na Industar-61 L/D zote huvaa cha milimita 40.5, kwa hiyo kimoja kinatosha. Ongeza kofia ya lenzi: mipako ya zamani ni hafifu, na jua likiingia kwa ubavu picha hufifia.

Wengi watasema lenzi isiyo na fokasi ya kujiendesha haifai kwa wakimbiaji. Kwenye barabara za udongo za Kaptagat na Iten, karibu na Eldoret, naona kinyume chake. Lenzi ya milimita 35 kwenye f/8, ikiwekwa mita 5, hushika kila kitu kuanzia mita 2.5 hivi hadi upeo wa macho. Kundi linakuja, wewe unasubiri tu lifike umbali wako, ubonyeze. Tahadhari ni mbili. Adapta nyingi hutengenezwa fupi kidogo kuliko inavyotakiwa, hivyo alama ya mita 5 huenda isiwe mita 5. Ikague kwa kukuza picha kwenye skrini, kisha utie alama yako kwa rangi. Pia vipimo vya kina cha fokasi vilivyochongwa kwenye lenzi vilikadiriwa kwa picha ndogo za karatasi. Ukiwa kwenye f/11, soma mistari ya f/8.

Kwa picha za karibu lenzi hizi ni dhaifu: nyingi hukomea mita 0.7 au 1. Adapta zenye skrubu ya kurefuka huzisogeza karibu zaidi, na kwa chakula au bidhaa ya dukani tofauti yake ni kubwa.

Anayenunua aulize mdomo kwanza. Majina yaleyale ya Jupiter yalitengenezwa pia kwa kamera za Kiev, ambazo mdomo wake si skrubu ya 39. Lenzi hizo za milimita 50 hazina hata mzunguko wa fokasi ndani yake, na adapta yake ni ghali kuliko ya kawaida. Zile za kukunjwa, kama Industar-22, zisisukumwe ndani zikiwa kwenye kamera ya dijitali, zisije zikagusa shata. Mwishowe, mulika tochi kupitia vioo ukitafuta nyuzi za kuvu na utando mweupe. Mvua za Eldoret huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Septemba. Kwa muda huo mkoba wa ngozi uliofungwa ndio mahali pabaya zaidi pa kuweka lenzi. Kopo la plastiki lenye pakiti za kukausha unyevu linafaa zaidi.