Picha za Bayeye na Ngoma za Watemi

Nchi yetu ya Usukuma, tangu Shinyanga hata kufika Geita, watu huinena kwa ng'ombe, pamba, almasi na dhahabu; wachache huinena kwa picha. Walakini picha zilikuwako. Bayeye, yaani chama cha waganga wa nyoka, walikuwa na nyumba zilizochorwa kutani kwa ndani: nyoka, watu, na viumbe vingine. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyeitumikia serikali ya Kiingereza katika kuchunguza mila zetu, alizinakili, na mwaka 1953 kitabu chake juu ya picha hizo kilipigwa chapa London.

Basi, zilisema nini? Mgeni angeona nyoka tu, akaenda zake. Bali mwanafunzi wa chama alifundishwa kwazo mambo ambayo hakuruhusiwa kuyatangaza nje. Nusu ya maana ilikuwa ukutani, na nusu kinywani mwa mwalimu. Twasema hivi kwa kuwa asiyejua kusoma naye, akifunuliwa kitabu, huona kama siafu weusi wamejipanga. Kwa hiyo aliyesema, "Ni kazi ya shetani," na aliyesema, "Ni mapambo tu," wote wawili, kwa maoni yetu, walijibu kabla ya kuuliza. Tena kuta za udongo hazidumu. Tuliyo nayo sasa ni yale ambayo wazee walikubali kumwambia Cory. Kama walimficha neno, limekwenda nao.

Tazameni pia kibangwa, kipande cha mviringo cha gamba la konokono wa bahari. Pwani ni gamba. Lilipoletwa bara na misafara, kwa Wanyamwezi na Wasukuma likawa alama ya utemi.

Lakini lililowagusa Wakristo zaidi ni ngoma. Serikali ya Tanganyika iliondoa utawala wa machifu mwaka 1963, na ngoma za watemi zikabaki bila kazi yake ya kale. Hata kabla ya hapo Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alikuwa ameanza Bujora, karibu na Mwanza, kukusanya vitu vya Wasukuma pamoja na waumini wake. Kanisa la huko lilijengwa la mviringo, mfano wa nyumba ya mtemi, na ngoma zikapigwa katika ibada. Mmoja husikia ndani yake matambiko. Jirani yake aliye benchi moja naye husikia heshima ipasayo Mfalme. Ngoma ni ile ile, na mpigaji ni yule yule.

Katika sikukuu ya Bulabo, ambayo hufuata Ekaristi Takatifu, Bagika na Bagalu hushindana kucheza, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ukiuliza ameshindaje, wazee watakuambia ni dawa; vijana watakuambia ni ubunifu; na wachezaji wenyewe hucheka tu, wakajipangusa jasho.