Paul Robeson na Mkasi wa Wenye Filamu

Aprili 1935, London ilionyeshwa kwa mara ya kwanza filamu iitwayo Sanders of the River. Katika mwaka huohuo, huku kwetu Tanganyika, mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment uliweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ukaanza kutengeneza filamu fupi za kuwafundisha Waafrika kilimo, usafi, kodi na faida za kuweka akiba posta. Filamu ya London ilimwonyesha Mwafrika kwa Wazungu. Filamu za Vugiri zilimwonyesha Mwafrika kwa Waafrika. Kazi hizo mbili hazikufanana kwa gharama wala kwa ufundi, lakini zilifanana kwa jambo moja: Mwafrika alikuwa mbele ya kamera, naye aliyeamua kamera imesema nini alikuwa mtu mwingine.

Makala haya yanamhusu mtu aliyesimama katikati ya jambo hilo, akanufaika nalo, akaumizwa nalo, kisha akatumia nusu ya maisha yake kupambana nalo. Huyo ni Paul Robeson, Mmarekani Mweusi, mwimbaji mwenye sauti nzito ya besi, mmoja wa nyota wakubwa wa filamu za nyimbo katika miaka ya 1930. Vijana wetu wengi hawamjui. Wanaomjua wanamkumbuka kwa wimbo mmoja wa mto Mississippi. Nadhani tunamhitaji kwa zaidi ya hapo, hasa sisi tunaoishi katika wilaya ambazo kamera hazikauki.

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 mjini Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka, akasoma, akawa mchungaji. Mtoto alirithi mambo mawili: kiu ya elimu na nyimbo za kanisa la Weusi. Alipata ufadhili wa kusoma chuo cha Rutgers, aking'ara darasani na katika mpira wa Kimarekani, kisha akahitimu sheria Columbia mwaka 1923. Katika ofisi ya mawakili alikoanza kazi, karani wa kike Mzungu alikataa kuandika maneno anayotamkiwa na mtu Mweusi. Robeson akaondoka, akaelekea jukwaani.

Hapa inafaa kueleza jambo la ufundi ambalo lina siasa ndani yake. Wakati ule, mwimbaji aliyetaka kuheshimiwa alitakiwa apite katika shule ya uimbaji ya Ulaya: opera ya Kiitaliano, nyimbo za Kijerumani, pumzi na matamshi ya mabwana wa Milan na Vienna. Walikuwapo waimbaji Weusi waliopita njia hiyo kwa sifa kubwa. Jules Bledsoe, aliyekuwa wa kwanza kuimba nafasi ya Joe katika tamthilia ya nyimbo Show Boat mjini New York mwaka 1927, alikuwa mmoja wao. Robeson alijifunza kwa walimu pia, lakini alichagua njia tofauti. Tarehe 19 Aprili 1925, akisindikizwa na mpiga piano Lawrence Brown, alifanya onyesho mjini New York ambalo ratiba yake yote ilikuwa nyimbo za kiroho na nyimbo za kazi za Weusi. Nyimbo za mashambani na makanisani zilipandishwa kwenye jukwaa la heshima, na hazikuombewa radhi. Kwa Robeson, nyimbo za watu wa kawaida zilikuwa sanaa kamili yenye kanuni zake, wala hazikuwa malighafi ya kusubiri kusafishwa na mjuzi wa Ulaya.

Mwaka 1928 alikwenda London kuimba katika Show Boat, na Uingereza ikawa makao yake kwa zaidi ya miaka kumi. Huko ndiko Afrika ilikomjia. Alikutana na wanafunzi na wanaharakati kutoka makoloni, akasoma, akabishana nao. Mwaka 1934 aliandikishwa katika chuo cha London kinachofundisha lugha za Asia na Afrika, akasoma fonetiki na Kiswahili. Naomba msomaji atafakari jambo hilo. Katika wakati ambao watoto wetu walifundishwa kuona haya kwa lugha zao, mwimbaji aliyekuwa akijaza kumbi za Ulaya alikaa darasani kujifunza ngeli. Aliandika waziwazi kwamba anataka kuwa Mwafrika. Katika London hiyohiyo alikuwapo Jomo Kenyatta, mjumbe wa Wakikuyu waliodai ardhi yao, ambaye wakati huo alikuwa akiwasaidia wataalamu wa fonetiki kuichambua lugha ya Kikuyu.

Watu hao wawili walikutana katika filamu ileile niliyoanza nayo.

Sanders of the River ilitayarishwa na Alexander Korda na kuongozwa na ndugu yake Zoltan Korda. Zoltan alisafiri na mafundi wake Afrika kwa miezi kadhaa, akarekodi ngoma, nyimbo na mitumbwi. Robeson alipoonyeshwa na kusikilizishwa mali hiyo alivutiwa mno. Aliamini kwamba kwa mara ya kwanza ulimwengu ungeona Waafrika wakiwa na muziki wao na heshima yao. Akakubali kucheza nafasi ya Bosambo. Kijiji cha Kiafrika kilijengwa Uingereza kando ya mto, na waliojaza kijiji hicho walikuwa Waafrika wa bandarini na wanafunzi waliokuwa wakihangaika na maisha. Kenyatta alikuwa miongoni mwao.

Filamu ilipotoka, ngoma zilikuwamo, na sauti ya Robeson ilikuwamo kwa ukamilifu wake. Lakini simulizi iliyoshonwa kuzizunguka ilikuwa hii: bwana Sanders, mtawala wa Kiingereza, anatawala makabila kama baba anavyotawala watoto. Anapokwenda likizo, uvumi unaenea kwamba amekufa, na mara moja watu wanaanza kuuana. Anaporudi, amani inarudi. Bosambo, mwenye sauti ile kubwa, ni chifu mtiifu anayepokea cheo kutoka mkononi mwa bwana. Maneno ya utangulizi yaliwasifu watawala wachache wa Kizungu wanaolinda amani ya mfalme barani Afrika.

Kilichobadilishwa ni mahali wimbo ulipowekwa. Wimbo wa wapiga makasia, ukiwekwa kabla ya tukio la utiifu, unakuwa wimbo wa utiifu. Ngoma ya sherehe, ikiwekwa baada ya mtawala kuondoka, inakuwa dalili ya ghasia. Huo ndio uwezo wa mkasi wa mhariri, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba mwenye kisu kikali ndiye hula nyama. Robeson aliikana filamu hiyo hadharani, na kwa miaka mingi baadaye aliitaja kama funzo la uchungu.

Alijifunza nini? Kwanza, alidai mkataba. Katika filamu Song of Freedom ya mwaka 1936 alipewa haki ya kuidhinisha uhariri wa mwisho, jambo adimu kwa mwigizaji yeyote wakati ule, seuze mwigizaji Mweusi. Humo anacheza John Zinga, kuli wa bandari ya London ambaye sauti yake inasikika na mtaalamu wa opera, anafunzwa, anakuwa nyota wa majukwaa makubwa. Lakini moyoni ana kipande cha wimbo aliorithi bila kujua asili yake. Anapouimba mbele ya hadhira anagundua kuwa ni wimbo wa kifalme wa kisiwa cha Afrika walikotoka mababu zake, naye anaacha fahari ya Ulaya na kurudi huko. Ni filamu nzuri yenye kasoro ya kusikitisha: watu wa kisiwani wanaonyeshwa wakiwa wamekwama katika hofu na ushirikina, wakimsubiri mrejeaji aje awakomboe. Mkataba ulilinda heshima ya mhusika mkuu. Haukuwalinda wanakijiji, kwa kuwa wao hawakuwa na mwakilishi mezani.

Katika mwaka huohuo wa 1936, mke wake Eslanda, aliyekuwa mwanafunzi wa anthropolojia London, alifunga safari pamoja na mtoto wao wa miaka minane hadi Afrika Kusini na Uganda, akakaa Toro miongoni mwa wafugaji. Kitabu chake African Journey, kilichotoka mwaka 1945, kinawaonyesha Waafrika wakiwa watu wenye hoja, wanaouliza maswali na kucheka na kulalamikia kodi. Tofauti ya kazi hizo mbili inafundisha. Mume alitafuta Afrika ndani ya studio, na studio ilikuwa ya wengine. Mke alikwenda na daftari lake, na daftari lilikuwa lake.

Robeson aliendelea. Show Boat ya sinema, mwaka 1936, ilimfanya maarufu zaidi Marekani. The Proud Valley, ya mwaka 1940, ilimpeleka kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Wales, akacheza mchimbaji Mweusi anayepokewa na wenzake kwa sababu kwaya yao inahitaji sauti yake na mgodi unahitaji mikono yake. Lakini baada ya Tales of Manhattan ya mwaka 1942, ambamo Weusi wa mashambani walionyeshwa tena kama watu wa kuchekesha, alichoka, akaachana na sinema za Hollywood.

Sauti ikatafuta kazi nyingine. Tangu mwaka 1942 aliongoza Council on African Affairs, chombo kilichotetea uhuru wa makoloni na kukusanya misaada kwa ajili ya Waafrika Kusini wenye njaa. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasi ya kusafiria. Katika kesi yake, wanasheria wa serikali walitoa hoja ambayo kila Mwafrika anapaswa kuijua: kwamba kwa miaka mingi mtu huyu amekuwa akifanya harakati za uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Kosa lake lilikuwa sisi. Milango ya kumbi ilifungwa. Mwaka 1957 aliwaimbia wachimba migodi wa Wales kwa njia ya simu iliyovuka bahari, kwa kuwa mwili wake haukuruhusiwa kuvuka. Pasi ilirudishwa mwaka 1958. Alifariki tarehe 23 Januari 1976.

Kwa nini nayaandika haya nikiwafikiria watu wa Digodigo? Kwa sababu wilaya ya Ngorongoro ni miongoni mwa sehemu zilizopigwa picha mno Afrika. Mwaka 1959 ilitoka filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu Serengeti, ikashinda tuzo ya Oscar. Iliwafundisha mamilioni ya watu wa mbali kuipenda nchi yetu, na papo hapo ikawafundisha kwamba uzuri wake ni ule usio na watu, na kwamba mfugaji na ng'ombe wake ni tishio. Mwaka huohuo wa 1959, baada ya wafugaji kuondolewa Serengeti, ndipo ilipoundwa Hifadhi ya Ngorongoro. Kisha ikaja Hatari! ya mwaka 1962, iliyopigwa Tanganyika, ambamo mashujaa ni wageni wanaokamata wanyama. Wabatemi, ambao wengine huwaita Wasonjo, hawakupata hata nafasi ya Bosambo. Mifereji yao ya umwagiliaji, iliyosimamiwa kwa vizazi na wazee waitwao wenamiji, haikuingia kwenye picha, maana picha ya pori tupu haina nafasi ya shamba lililomwagiliwa kwa zamu na kwa sheria.

Picha hizo huja kuwa sera. Anayeamua kuhusu ardhi akiwa ofisi ya mbali mara nyingi amekwisha kuiona ardhi hiyo kwenye kioo kabla hajaiona kwa macho, na kioo kimemwambia haina wenyewe. Mijadala mikali ya tangu mwaka 2022 kuhusu Loliondo na kuhusu kuhamia Msomera haiwezi kueleweka vizuri bila kuuliza ni picha gani zilitangulia hoja.

Kwa hiyo nawaachia wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma wa halmashauri maswali manne, kila inapokuja kamera kutaka ngoma, wimbo au sherehe. Nani atamiliki picha zote zilizopigwa, zikiwamo zile ambazo hazitatumika? Nani ataona hariri ya mwisho kabla haijatoka, na ana haki ya kusema hapana? Maneno ya wazee yatatafsiriwa na nani, na nani atahakiki tafsiri hiyo? Malipo yataandikwa wapi, kwa jina la nani? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayatambua maonyesho ya sanaa za jadi kuwa kitu cha kulindwa. Afisa utamaduni anayeyajua maswali haya anaweza kuyaweka katika kibali chake kabla gari la wageni halijafika kijijini.

Na mkataba peke yake hautoshi, kama Song of Freedom ilivyoonyesha. Mwenye sauti kubwa akijadiliana peke yake atailinda sauti yake tu. Wanakijiji wa kisiwa kile walihitaji kukaa mezani wakiwa kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ni chombo ambacho sisi tunacho tayari.