Zebraman 2: Punda Milia wa Japani Aliyeipiga Bao Muvi Yake Mwenyewe

Kila mpenzi wa muvi anayajua maumivu ya sehemu ya pili. Ya kwanza inabamba, mtaa mzima unaisifia, halafu baada ya miaka michache inakuja ya pili: hela nyingi zaidi, milipuko mingi zaidi, na stori ileile iliyopashwa moto kama kiporo. Unamaliza kuangalia huku unajiuliza walikuwa wanafikiria nini.

Sehemu ya pili inayoizidi ya kwanza ni adimu, na watu wakiulizwa hutaja zilezile mbili tatu za Marekani. Ipo nyingine ambayo huwa haitajwi kwenye hizo orodha. Inaitwa Zebraman 2: Attack on Zebra City, na ilitoka Japani mwezi Mei 2010. Steringi wake ni mwalimu wa shule ya msingi anayevaa kama punda milia. Sio popo, sio buibui. Punda milia, yule ambaye kwenye vipindi vya wanyama wa Serengeti kazi yake kubwa ni kukimbizwa na simba.

Kuna watu kibao waliopenda ya kwanza na hii hawaitaki hata kidogo. Wanasema imepoteza moyo. Ni hoja yenye uzito, lakini ukiipima kwa historia ya masupastaa wa Kijapani, mzani unageuka.

Kama panzi aliweza, punda milia ana kosa gani?

Japani ilikuwa na mashujaa wake wa kuvaa vinyago zamani sana. Shujaa wa kwanza wa televisheni, Gekko Kamen, alianza kurushwa mwaka 1958, miaka minne baada ya Godzilla kuivunjavunja Tokyo kwenye sinema. Mwaka 1966 akaja Ultraman, jitu la fedha na nyekundu linalopigana na madubwana. Mwaka 1971 akaja Kamen Rider, jamaa wa pikipiki mwenye sura ya panzi. Mwaka 1975 kikaja kikosi cha watu watano wa rangi tofauti, Gorenger, ambacho ndicho babu wa Power Rangers. Wale Power Rangers walioanza Marekani mwaka 1993 walitumia kabisa picha za mapigano kutoka kipindi cha Kijapani cha mwaka mmoja nyuma.

Hapo kwa Kamen Rider pana siri kubwa. Yule jamaa hakuzaliwa na nguvu wala hakupewa na miungu. Alitekwa na kundi la maadui, wakamfanyia upasuaji na kumgeuza nusu mashine ili awe askari wao. Alitoroka kabla hawajamwosha akili. Kwa hiyo nguvu anazotumia kupigana na maadui ni nguvu zao wenyewe. Mwema na mwovu wametoka meza moja ya upasuaji. Hiyo kaa nayo, tutaihitaji mbele.

Kipindi hicho televisheni ilikuwa inahitaji mashujaa wapya kila msimu. Mwaka 1978 kampuni ya Toei ilimchukua hata Spider-Man wa Marekani, ikambadilishia stori na kumpa roboti kubwa la kupigania. Katikati ya vurugu hizo vilikuwepo pia vipindi vilivyochemsha, vikapigwa chini na kusahaulika. Muvi ya Zebraman inaanzia hapo: inabuni kipindi cha mwaka 1978 kiitwacho Zebraman, ambacho kilifutwa baada ya vipande 7 tu kwa sababu hakuna aliyekiangalia.

Hakuna, isipokuwa mtoto mmoja.

Mwalimu aliyeshindwa kila kitu

Muvi ya kwanza ilitoka mwaka 2004. Iliongozwa na Takashi Miike, jamaa aliyekuwa anajulikana kwa muvi za kutisha na za magenge kama Audition na Ichi the Killer. Aliyeandika ni Kankuro Kudo, fundi wa vichekesho. Steringi ni Sho Aikawa, aliyejenga jina kwenye muvi za majambazi zilizotengenezwa kwa ajili ya kanda za video, na Zebraman ilitangazwa kama muvi yake ya 100. Yaani watu walizoea kumwona na bastola, sasa wanaletewa mtu mzima kavaa mistari na ana nywele za punda kichwani.

Mwalimu huyo maisha yamemzingua kila upande. Mke ana mtu mwingine. Binti anazunguka na wanaume wa umri wa baba yake. Mtoto wa kiume anaonewa shuleni, na sababu yenyewe ni kwamba baba yake anafundisha palepale. Darasani haheshimiwi, nyumbani haonekani. Kitu pekee kinachomfurahisha ni kushona usiku, kwa mikono yake, nguo za Zebraman, yule shujaa wa utotoni ambaye dunia ilimsahau.

Ili kuielewa hiyo picha, ukumbuke Japani ya miaka ile. Uchumi uliokuwa unapaa miaka ya 1980 ulianguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kizazi kizima cha kina baba kikajikuta kimefanya kila kilichoambiwa, kisha ahadi ikavunjika. Mwalimu wa Zebraman ni mmoja wao. Hana adui wa kumpiga. Ana maisha tu.

Kisha anahamia mwanafunzi mpya anayetumia kiti cha magurudumu, na mtoto huyo ndiye mtu wa pili duniani anayekijua kile kipindi. Mwalimu anatoka usiku na nguo zake kwenda kumwonyesha, njiani anakutana na mhalifu mwenye kichwa cha kaa na mikasi mikononi, na anagundua kwamba mateke yake yanafanya kazi kweli. Chini ya shule kuna viumbe wa kijani kutoka anga za mbali. Maandishi ya vipande ambavyo havikurushwa vinaonyesha kwamba kipindi kilikuwa onyo, na kwamba Zebraman atakufa kwa sababu hawezi kuruka.

Kazi ya mwalimu ni kuruka basi. Muvi nzima inaelekea hapo, na inapofika, hata mwenye roho ngumu anaweza kudondosha chozi. Funzo lake ni moja: ukiamini, utapaa. Ni tamu. Na ni funzo la mtoto.

Miaka sita baadaye

Muvi ya kwanza ilitengenezwa mwaka 2004 lakini stori yake ilikuwa inatokea mwaka 2010. Ya pili ilipotoka, ilikuwa mwaka 2010 wenyewe. Siku zijazo zilikuwa zimefika, na hakuna aliyepaa. Watengenezaji wangeweza kurudia mchongo uleule: mwalimu, shule, viumbe wapya, mtoto mpya wa kumlinda. Watu wangelipa na kuondoka wameridhika.

Miike na Kudo wakafanya kinyume. Wakairusha stori hadi mwaka 2025. Tokyo haiitwi tena Tokyo, inaitwa Zebra City. Gavana wake ameanzisha kitu kinachoitwa Zebra Time: dakika 5 alfajiri na dakika 5 jioni, saa 11 kamili, ambapo sheria inalala. Polisi wenye sare nyeusi wanaingia mitaani na kumpiga risasi wanayemtaka. Zikiisha dakika 5, maisha yanaendelea kama kawaida. Gavana anajisifu kwamba uhalifu umepungua.

Kama unahisi umeiona hiyo mahali, unakumbuka The Purge ya Marekani, yenye saa 12 za uhalifu halali kila mwaka. Hiyo ilitoka mwaka 2013. Punda milia alikuwa ametangulia kwa miaka mitatu.

Mwalimu anazinduka katikati ya mji huo, kumbukumbu zimefutika, na risasi zinaanza kuruka. Anaokolewa na watu wanaoishi pembeni ya jiji, wanaowatunza majeruhi wa Zebra Time. Kati yao yumo yule mwanafunzi wa zamani, sasa mtu mzima. Katika muvi ya kwanza mwalimu alimbeba mtoto. Sasa mtoto ndiye anayembeba mwalimu. Muvi haiweki muziki wa kuliza hapo, inapita tu, na inauma zaidi kwa sababu hiyo.

Jambo la kushtua zaidi ni mistari yenyewe. Ile mistari ambayo mwalimu alishona peke yake usiku, akiona aibu, sasa iko kwenye sare za polisi, kwenye mabango na kwenye nguo za staa wa muziki. Ndoto ya mtu mmoja imekuwa nembo ya serikali inayoua.

Malkia na nusu nyeusi

Staa huyo wa muziki ni binti wa gavana, anaitwa Zebra Queen. Anaimba, anacheza, anaongoza chati, na ndiye adui mkuu. Aliyemcheza ni Riisa Naka, na ukitaka kujua alivyojilipua, angalia kazi zake nyingine. Mwaka 2006 alikuwa sauti ya msichana wa shule kwenye katuni ya The Girl Who Leapt Through Time, na miezi michache tu kabla ya Zebraman 2 alikuwa steringi wa muvi ya stori hiyohiyo. Yaani mwaka mmoja, msichana mpole mwenye sare za shule na malkia wa ngozi nyeusi anayekenua meno kwenye video za muziki. Toka anaingia hadi anatoka, hii ni muvi yake. Adui wa ya kwanza ni uji wa kijani. Hapa kuna mtu.

Na ni mtu gani? Hapa ndipo muvi inapotoa kadi yake. Mwalimu aliwahi kutiwa kwenye mashine ya kumzungusha kwa kasi, kama ile ya kutenganisha maziwa na mafuta yake, na wema ukatengwa na uovu. Weupe ulibaki kwake. Weusi ukawa Zebra Queen. Malkia huyo hakutoka sayari nyingine. Ni yeye mwenyewe.

Kwa Kijapani, kuweka mambo "nyeupe na nyeusi" maana yake ni kumaliza ubishi, kusema nani ana haki na nani hana. Ndiyo kauli ya ushujaa ya Zebraman tangu ya kwanza, na pale ilikuwa mzaha mzuri. Ya pili inaichukua kauli hiyo kwa uzito na kuuliza: ukimtenganisha mtu kweli, ukabakiza weupe mtupu, unapata nini? Unapata mzee mwema asiyeweza kumlinda mtu. Na gavana anayedai kuwatenga wabaya na wazuri kwa risasi za dakika 5 anafanya kwa mji mzima kile ambacho mashine ilifanya kwa mwalimu.

Sasa mrudie yule panzi wa mwaka 1971. Nguvu za shujaa zinatoka sehemu moja na nguvu za adui. Miaka mingi ya vipindi vya watoto iliificha hiyo siri chini ya rangi na roboti. Zebraman ya kwanza ilivikumbuka vile vipindi kwa upendo. Ya pili ilikumbuka vilikuwa vinasema nini. Punda milia akikosa mistari myeusi ni punda tu.

Kwa nini ubishi haujaisha

Wanaoipinga wana vya kushika. Katikati muvi inapoteza kasi, utani mwingine ni wa chooni, na yule mwalimu wa kushona usiku anakosekana kweli. Mwaka huohuo Miike alitoa pia 13 Assassins, muvi ya samurai iliyonyooka kama upanga, na ukiziweka pamoja Zebraman 2 inaonekana kama chumba cha kijana ambacho hakijafagiliwa.

Lakini sehemu ya pili inatakiwa kupimwa kwa swali moja: imeongeza nini ambacho ya kwanza haikuweza kusema? Ya kwanza ilimwambia mtu mzima aliyechoka kwamba bado anaweza kuota. Ya pili ilimuuliza ndoto hiyo ikishachukuliwa na wenye nguvu, ikachapishwa kwenye fulana na kupigwa kwenye redio, yeye atafanya nini. Swali la kwanza linakupa faraja usiku mmoja. La pili unatoka nalo mtaani, unaliona kwenye mabango, kwenye kampeni, kwenye kila staa anayeuzwa pamoja na kitu kingine.

Waswahili walisema shukrani ya punda ni mateke. Waliopenda ya kwanza walikuja kudai shukrani na wakapigwa teke. Lilikuwa teke la haki.

Ukitaka kuzionja, anza na ya mwaka 2004 usiku mmoja, kisha ya 2010 usiku unaofuata, bila kuruka. Mwisho wa ya pili hausimuliwi hapa. Ule mwaka 2025 waliouogopa tayari tumeufikia, na Tokyo bado inaitwa Tokyo. Kuhusu yale mengine, angalia muvi kwanza, halafu fungua dirisha.