Akogo, Kanda na Kichujio: Sauti Ilivyovuka Mpaka wa Busia

Mtaa wa Burumba, mjini Busia, umekulia kwenye muziki wa pande mbili. Mpaka uliwagawa Wateso na Wasamia, ukaacha jamaa Kenya na jamaa Uganda, lakini akogo, kinanda cha vidole cha Wateso, kiliendelea kupigwa kotekote. Nyimbo zilivuka kwa mdomo, zikavuka kwa redio, hatimaye zikavuka kwenye mifuko ya wasafiri.

Kilichowezesha hilo la mwisho ni kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliionyesha dunia mwaka 1963. Ilikuwa nafuu na ilirekodika nyumbani. Tatizo ni kwamba kila nakala iliyotolewa kwenye nakala nyingine ilipoteza sauti nyembamba na kuongeza mvumo. Hapo ndipo fundi redio alipohitajika. Kando ya kichwa kinachosoma kanda ndani ya redio kaseti kuna skrubu ndogo. Aliigeuza taratibu kwa bisibisi huku kanda ikicheza, mpaka vyuma vya akogo vilivyokuwa vimefifia vikaanza kulia tena. Fundi huyo hakuwa na kipimo chochote zaidi ya sikio lake, na kazi yake inastahili heshima kuliko inayopewa.

Dijitali ilikuja na kanuni zake. Mwaka 1937 mhandisi Mwingereza Alec Reeves alibuni njia ya kugeuza sauti kuwa namba, lakini wasikilizaji wa kawaida waliipata mwaka 1982, CD zilipoingia sokoni. CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde. Mpango huo unabeba sauti zilizo chini ya hezi 22,050 tu. Inayozidi hapo, ikiachwa ipite wakati wa kurekodi, hurudi imejigeuza kuwa sauti ambayo haikuwepo.

Kwa hiyo kichujio cha kuzuia sauti hizo kinawekwa mahali pawili, kama ukaguzi wa mpakani. Kabla ya kituo cha pamoja cha forodha kuzinduliwa Busia mwezi Februari 2018, lori lilikaguliwa likitoka nchi moja, likakaguliwa tena likiingia nyingine. Sauti nayo huchujwa kabla ya kuwa namba, kisha huchujwa tena namba zinaporudi kuwa sauti. Sikio la binadamu husikia hadi karibu hezi 20,000, na kati ya hapo na 22,050 nafasi ni finyu mno. Wahandisi wa Philips walijinasua kwa kuzidisha kasi ya namba mara nne ndani ya mashine ya kuchezea, hadi 176,400, ili kichujio cha mwisho kisihitaji kukata kwa ghafla.

Vigeuzi vya siku hizi, yaani vifaa vinavyogeuza namba kuwa sauti, humwachia mtumiaji achague ukali wa kichujio kwa kitufe. Kichujio kikali huhifadhi sauti nyembamba karibu zote, lakini huacha mtetemo mdogo kuzunguka kila mdundo wa ghafla, na cha aina moja hutanguliza mtetemo huo kabla ya mdundo wenyewe. Kichujio cha polepole hupunguza mtetemo na kulegeza kidogo sauti za juu. Kwa chombo kama akogo, ambacho utamu wake uko pale kidole kinapoachia chuma, inafaa kusikiliza vyote viwili kabla ya kuchagua. Hata hivyo tofauti ni ndogo. Kirungu cha kiwango cha kuingiza sauti kina uzito zaidi: taa nyekundu ikiwaka, vilele vya sauti vimekatwa, na hakuna kichujio kitakachovirudisha.

Vibanda vya kuweka nyimbo kwenye memori kadi vilipochukua nafasi ya kanda, hasara ilibadilika sura. Faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde mara nyingi hukata sauti kuanzia karibu hezi 16,000. Mvumo uliondoka, na baadhi ya mlio wa chuma ukaondoka nao.

Thamani ya kuhifadhi sauti vizuri inaonekana katika rekodi alizoacha mtafiti wa muziki wa Afrika, Hugh Tracey. Alirekodi Kenya na Uganda mwaka 1950 na 1952, akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Rekodi hizo ziligeuzwa kuwa dijitali, na ILAM ikashirikiana na Ketebul Music ya Tabu Osusa, Nairobi, kurudisha nakala kwa jamii zilizoimba.

Maktaba za sauti zina utaratibu ambao kaya yenye kanda za matanga ya babu inaweza kuufuata: biti 24, kasi isiyopungua 48,000, na nakala ya kwanza isisafishwe kwa lolote. Mvumo na ngurumo ya umeme ya hezi 50 huondolewa kwenye nakala ya pili. Na kabla ya kugusa kompyuta, skrubu ya kichwa cha kaseti irekebishwe kwa kila kanda, maana kila mashine iliyorekodi ilikuwa na mwelekeo wake.