Anayejiendeleza Anasoma Elimu Gani?

Mwalimu wa skuli ya msingi Micheweni anaposhika njia ya Mchangamdogo, kwenye kampasi ya Pemba ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wenzake husema amekwenda kujiendeleza. Hakuna anayesema kajiunga na elimu ya watu wazima, ingawa ni mtu mzima mwenye familia.

Jina hilo la pili lina historia yake. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kazi kubwa ilikuwa kuwafundisha watu kusoma na kuandika; 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Ilikuwa kazi yenye heshima kubwa, lakini jina likashikamana na kisomo. Mkutano Mkuu wa UNESCO uliofanyika Nairobi mwaka 1976 uliipa dhana hiyo upana zaidi: ni masomo yote ya mtu mzima, yakiwemo yale yanayoendeleza aliyoyapata skuli, chuoni au chuo kikuu.

Masomo hayo ya kuendeleza yaitweje? Wapo wanaoandika "elimu endelevu". Tatizo ni kwamba endelevu imeshachukuliwa na maendeleo endelevu, yaani yasiyomaliza rasilimali za vizazi vijavyo. Msomaji akilikuta neno hilo kwenye tangazo la chuo, ana haki ya kudhani ni somo la mazingira. "Elimu endelezi" haina mkanganyiko huo, ila haimwonyeshi anayesoma.

Elimu ya kujiendeleza inamwonyesha. Kiambishi -ji- kinamfanya mwanafunzi awe mtenda na mtendwa: yeye ndiye anayetafuta ada, yeye ndiye anayekesha na vitabu baada ya kazi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na chenye kituo Pemba, kimejengwa juu ya juhudi hiyo hasa.

Tena istilahi hii haibagui. Zanzibar husema mafunzo ya amali pale Bara wanaposema ufundi stadi, na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali iliundwa kwa sheria ya 2006. Mvuvi anayekwenda kituo cha Vitongoji kujifunza ufundi wa umeme anajiendeleza sawasawa na mwalimu anayetafuta shahada.

Baraza la Kiswahili la Zanzibar na vyuo vyetu wakubaliane: elimu ya watu wazima ibaki jina la jumla, na fomu za kozi hizi ziandikwe elimu ya kujiendeleza.